Jisajili Kwanza, Kifurushi Kifuate

Oda ya kwanza kutoka nje ya nchi huwa na raha yake. Mtu wa Leeds ama Kampala ameona viondo vyako kwenye Instagram, ameuliza bei, amelipa, na meseji imeingia kukwambia pesa imefika. Unafunga mzigo vizuri, unaupeleka kwa kampuni ya vifurushi, unapiga picha ya risiti na kuiweka kwenye status. Biashara imeenda majuu!

Siku kumi baadaye mteja anaandika: "Naambiwa nilipe tena ndio nipewe mzigo." Hapo ndipo wauzaji wengi wa mtandaoni hukutana na forodha kwa mara ya kwanza, na hukutana nayo kupitia mdomo wa mteja aliyekasirika.

Msimamo wetu katika makala haya ni mmoja. Ukitaka kuuza nje, maliza mambo ya usajili wa ushuru na forodha kabla ya kutuma mzigo wa kwanza, na uyamalize kwa nchi moja baada ya nyingine. Hatusemi hivi kwa sababu tunapenda makaratasi. Sisi kazi yetu ni malipo, na tunajua hakuna malipo yanayomuumiza mfanyabiashara mdogo kama yale yaliyoingia, yakatumika kununua stoki nyingine, halafu mteja akataka yarudishwe.

Nani hulipa usipojisajili?

Tupige hesabu ndogo. Tuseme unauza kiondo kwa pauni 40 kwa mteja wa Uingereza, na usafirishaji ni pauni 20. Jumla amekulipa pauni 60. Uingereza hutoza ushuru wa ziada ya thamani, ile VAT tunayoijua, kwa asilimia 20. Kwa hivyo kuna pauni 12 ambazo lazima mtu azilipe.

Tangu Januari 2021, sheria ya huko inasema kwamba mzigo wa thamani isiyozidi pauni 135 unaotoka nje na kuuzwa moja kwa moja kwa mteja wa kawaida, VAT yake hutozwa wakati wa kuuza. Muuzaji ndiye anayetakiwa kujisajili na mamlaka ya ushuru ya Uingereza, HMRC, akusanye na kuwasilisha. Haijalishi kama muuzaji yuko London ama Machakos. Usipofanya hivyo, mzigo unaweza kukwama, ama mteja adaiwe zile pauni 12 mlangoni, pamoja na ada ya kampuni iliyoshughulikia forodha.

Sasa jiweke mahali pa huyo mteja. Aliona bei, akalipa, halafu anaambiwa kuna nyingine. Wengine watalipa wakinung'unika na hutawaona tena. Wengine watakataa mzigo. Ukikataliwa, kiondo kinarudi kwa gharama yako ama kinaharibiwa huko huko, na bado mteja anataka pauni zake 60. Ulitaka kuepuka usumbufu wa pauni 12, umepoteza kiondo, nauli na mteja.

Ndiyo maana tunasema gharama ya usajili iko palepale hata usipojisajili. Utailipa tu, ila utailipa kwa njia mbaya zaidi.

Mguu wa kwanza ni nyumbani

Kabla hujafikiria HMRC, angalia mambo yako na KRA. Watu wengi hudhani pesa iliyotoka nje haihusu KRA. Inahusu. Ukiwa mkaazi wa Kenya na biashara yako unaiendesha kwa sehemu hapa na kwa sehemu nje, mapato yake yote huhesabiwa kuwa yamepatikana Kenya.

Kwa hivyo anza na vitu vitatu. Kwanza ni PIN ya KRA, ambayo bila hiyo hakuna hati ya kusafirisha mzigo wa biashara itakayosonga. Pili ni eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki. Wafanyabiashara wote wanatakiwa kuutumia, si wale wa VAT peke yao, na mdogo anaweza kutoa ankara hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Tatu ni kujua uko kwenye ngazi gani ya ushuru. Mauzo yako yakiwa zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka lakini hayazidi milioni 25, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kumbuka asilimia hiyo hupigwa kwenye mauzo yote na sio faida. Ukiuza bidhaa za 100,000, ni 3,000, hata kama faida yako ilikuwa 5,000. Kwa hivyo bei ya nje ipangwe ukiwa na hesabu hiyo mkononi.

Halafu kuna jambo ambalo tunaona wauzaji wengi hawaambiwi. Bidhaa zinazosafirishwa nje ya Kenya hutozwa VAT ya asilimia 0. Asilimia 0 ni tofauti na kusamehewa. Aliyesamehewa hawezi kudai chochote. Wa asilimia 0 hamtozi mteja wa nje VAT, na bado ana haki ya kudai ile VAT aliyolipa yeye wakati wa kununua malighafi. Tuchukue mfano wa fundi wa mikoba ya ngozi. Akinunua ngozi na vifaa kwa shilingi 116,000, ndani yake kuna VAT ya 16,000. Akiwa amesajiliwa kwa VAT, ana ankara za eTIMS za manunuzi hayo na hati za kuonyesha mikoba ilitoka nchini, hiyo 16,000 anaweza kuidai. Asiposajiliwa, imeenda.

Sheria inalazimisha usajili wa VAT mauzo yanayotozwa VAT yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Lakini inaruhusu pia kujisajili kwa hiari kabla ya hapo. Hatumwambii kila mtu akimbilie VAT, kwa sababu ukishaingia lazima ufaili ritani kila mwezi, hata mwezi ambao hukuuza kitu. Tunachosema ni upige hesabu. Kama mauzo yako mengi ni ya nje na malighafi yako hununuliwa kwa VAT, kujisajili kunaweza kuwa faida yako ya mwaka. Kama unauza viondo vilivyonunuliwa kutoka kwa akina mama wa chama wasio na VAT, pengine hakuna cha kudai, na unaweza kungoja.

Jirani kwanza

Ushauri wetu wa pili ni huu: kama hujawahi kuuza nje, usianze na New York. Anza na jirani.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu rahisi wa biashara ndogo ya mpakani. Mzigo wako ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa umetengenezwa ndani ya Jumuiya na uko kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha asili pale mpakani, kwa mfano Busia, Malaba ama Namanga. Cheti hicho hakilipiwi, huhitaji wakala wa forodha, na kinakuondolea ushuru wa forodha. Lakini ushuru mwingine wa nchi mzigo unakoenda, kama VAT ya Uganda ya asilimia 18, unaweza kutozwa. Ukimwambia mteja wa Kampala "hakuna ushuru kabisa" umemdanganya bila kujua.

Na hapa kuna mtego unaowanasa wauzaji wengi wa mtandaoni. Cheti cha asili kinauliza bidhaa ilitengenezwa wapi. Hakiulizi uliinunua wapi. Kava za simu ulizonunua Kamukunji na zilitoka China hazigeuki kuwa za Kenya kwa kukaa dukani kwako wiki mbili. Zikivuka Busia zinahesabiwa kama bidhaa za kigeni. Sabuni iliyopikwa Kisumu, viatu vya ngozi vilivyoshonwa Thika, hivyo ndivyo vinafaidika. Kwa mikufu ya ushanga jibu linahitaji maelezo kidogo, kwa maana ushanga wenyewe huagizwa kutoka nje, mwingine Jamhuri ya Czech na mwingine China. Kanuni za asili hupima ni kazi kiasi gani imefanyika hapa hadi ushanga ukawa mkufu. Weka rekodi ya gharama za malighafi na za kazi, kwa sababu utaulizwa.

Wengi wetu tumezoea kumpa kondakta wa basi la usiku mzigo na namba ya simu ya mpokeaji. Kwa mzigo wa kwenda Nakuru, sawa kabisa. Kwa mzigo wa kwenda Kampala bila hati, unaomba bahati ikusaidie kila safari, na siku moja bahati itakuwa imelala.

Uingereza, Ulaya na Marekani: lango tofauti, funguo tofauti

Ukishazoea jirani, sasa angalia mbali. Hapa tunataka kuondoa mkanganyiko mmoja. Ushuru wa forodha na VAT ni vitu viwili. Mkataba wa kibiashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na ule wa Kenya na Uingereza ulioanza 2021, huondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizotengenezwa Kenya, mradi uthibitishe asili yake. Mikataba hiyo haigusi VAT. Kwa hivyo usisome habari ya mkataba kwenye gazeti ukadhani mteja wako wa Berlin hatalipa kitu. Ujerumani VAT ni asilimia 19, Ufaransa ni 20.

Kwa Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Julai 2021 ule msamaha wa VAT kwa vifurushi vya hadi yuro 22 uliondolewa. Siku hizi kila kifurushi kinatozwa. Kwa mizigo isiyozidi yuro 150 kuna mpango unaoitwa IOSS. Unajisajili katika nchi moja ya Umoja, unakusanya VAT wakati mteja analipa, na unawasilisha ritani moja ya mwezi kwa nchi zote. Shida ni kwamba muuzaji wa Kenya lazima awe na mwakilishi aliye ndani ya Umoja, na mwakilishi huyo hulipwa. Kwa mtu anayeuza vifurushi vitano kwa mwezi, hesabu haikubali.

Kuna njia nyingine. Ukiuza kupitia jukwaa kubwa la kuuzia mtandaoni, sheria ya Umoja wa Ulaya na ya Uingereza inalichukulia jukwaa lenyewe kuwa ndilo muuzaji kwa mizigo hiyo midogo. Jukwaa linakusanya VAT na kuiwasilisha. Kazi yako ni kuhakikisha nambari ya IOSS ya jukwaa imeingia kwenye taarifa ya kielektroniki ambayo kampuni ya vifurushi hutuma mbele ya mzigo. Nambari hiyo ikikosekana, mteja atatozwa mara ya pili. Ndiyo, jukwaa litakata kamisheni, na wengi hulalamika. Lakini linganisha kamisheni hiyo na gharama ya mwakilishi kabla hujalalamika. Kwa anayeanza, tunaamini jukwaa ndilo bei nafuu.

Mambo hubadilika ukiamua kuweka stoki kwenye ghala la huko ili ifike kwa mteja haraka. Hapo wewe ndiye muagizaji. Utahitaji nambari ya forodha ya EORI, na usajili wa VAT wa nchi ghala lilipo, kuanzia mauzo ya kwanza. Usikubali ofa ya ghala kabla hujauliza nani atafaili hizo ritani.

Marekani haina VAT ya taifa, ila majimbo yana ushuru wao wa mauzo, ambao majukwaa makubwa hukusanya. Kilichobadilika sana ni forodha. Kwa miaka, kifurushi cha hadi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru wa forodha. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ulisimamishwa kwa nchi zote, na mashirika mengi ya posta duniani yakasitisha vifurushi kwa muda kwa sababu hayakuwa na namna ya kukusanya ushuru huo. Muuzaji aliyekuwa ameweka biashara yake yote kwa mteja wa Marekani aliamka siku hiyo bei zake zote zikiwa si sahihi. Hapo kuna funzo: sheria za lango hubadilika, na anayejua mzigo wake uko kundi gani na asili yake ni ipi hujipanga haraka kuliko anayetuma kwa kubahatisha.

Hiyo "zawadi" itakuponza

Wapo watakaokushauri uandike "gift" kwenye fomu, ama uandike dola 5 kwa mkoba wa dola 50. Ushauri huo uko kila grupu la WhatsApp la wauzaji. Tunaupinga, na sababu zetu ni za kibiashara.

Zawadi kwenye forodha ni kitu kinachotoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi bila malipo, na hata hiyo ina kikomo, pauni 39 kwa Uingereza na yuro 45 kwa Umoja wa Ulaya. Chako kimelipiwa. Afisa anaweza kufungua mtandao na kuona bei ya mkoba huo huo kwenye ukurasa wako. Mzigo ukipotea, fidia itafuata ile thamani uliyoandika, yaani dola 5. Na ule ushahidi wa kusafirisha unaohitaji ili VAT yako iwe asilimia 0 hauwezi kusema "zawadi" huku ankara yako inasema "mauzo". Njia ya mwongo ni fupi, na kwa forodha huishia kwenye meza ya afisa.

Andika kitu kilivyo. Tafuta namba ya forodha ya bidhaa yako, ile inayoitwa HS code. Tarakimu zake 6 za kwanza ni zile zile karibu dunia nzima. Ukiandika tu "bag", afisa atachagua mwenyewe kama ni mkoba wa ngozi, wa kitambaa ama kazi ya ususi, na kila kundi lina kiwango chake. Andika "kikapu cha mkonge kilichosukwa kwa mkono, kimetengenezwa Kenya", weka namba na bei halisi. Na kwa bidhaa zinazotokana na mimea, kama mbegu ama viungo, uliza KEPHIS kwanza kama unahitaji cheti cha afya ya mimea.

"Lakini mimi ni mdogo"

Tunaelewa hoja hii, na ina ukweli ndani yake. Mifumo mingi ya forodha ilijengwa ikimfikiria mtu wa kontena, sio dada anayetuma mikufu minane kwa mwezi. Kuomba hati za kusafirisha kwa kifurushi cha shilingi 4,000 kunaweza kula siku nzima. Tungependa kuona ule utaratibu rahisi wa mpakani ukipata ndugu yake wa vifurushi vya ndege na posta: fomu moja fupi, kwenye simu, inayounganishwa na ankara ya eTIMS na kumtolea muuzaji ushahidi wa kusafirisha papo hapo. Nasi watu wa malipo tuna deni hapo. Taarifa ya miamala inafaa imwonyeshe mfanyabiashara mauzo ya nje kando na ya ndani, bila yeye kukesha akitenganisha kwa kalamu.

Lakini hadi hayo yafike, udogo unafaa kukupunguzia idadi ya nchi unazouza. Hauwezi kukuondolea usajili. Nchi moja unayoijua vizuri inalipa kuliko nchi sita unazobahatisha.

Cha kufanya wiki hii

Tenganisha pesa. Kama mauzo yanaingia kwenye laini ile ile unayopokelea mchango wa harusi, hutaweza kumweleza KRA ama mtu mwingine yeyote biashara yako iliingiza ngapi. Chukua till ya biashara ama akaunti yake, na malipo ya nje yaingie hapo.

Kwa kila oda ya nje, weka pamoja vitu vinne: ankara ya eTIMS, meseji ama taarifa ya malipo, hati ya kampuni ya vifurushi, na hati ya forodha. Meseji ya malipo peke yake si ankara. Inaonyesha pesa iliingia, haionyeshi iliingia kwa bidhaa gani. Hati hizo nne ndizo zitakazokusaidia kudai VAT, kujibu swali la KRA, na hata kuthibitisha kwamba mzigo uliorudishwa ulikuwa wako tangu mwanzo na sio bidhaa unayoagiza upya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi ni folda kwenye simu, na kila oda ipewe yake.

Kisha chagua nchi moja. Angalia mahali ambapo maulizo mengi yanatoka kwenye DM zako. Tafuta majibu ya maswali manne kuhusu nchi hiyo: VAT yake ni ngapi, nani anatakiwa kuikusanya, ushuru wa forodha wa bidhaa yako ni kiasi gani, na cheti gani cha asili kinaupunguza. Vyeti vya mikataba hutolewa na idara ya forodha ya KRA, kwa hivyo waulize wao, usimuulize jamaa wa grupu.

Mwisho, weka bei mpya yenye kila kitu ndani, umwandikie mteja wazi: "Bei hii imejumlisha ushuru wote, hutadaiwa kitu mlangoni." Ukiweza kuandika sentensi hiyo bila wasiwasi, uko tayari kutuma. Ukisita, ngoja kidogo, umalize usajili. Oda ya pili kutoka kwa mteja yule yule ndiyo itakayokwambia kama ulifanya vizuri.